Majaribu ndiyo huleta shaka, ama shaka ndiyo hufungulia majaribu mlango?

#1 Soja_wa_Usiku (Nakuru)
Bwana asifiwe. Mimi ni soja wa usiku kwenye godauni moja hapa Nakuru. Nina miaka sita katika wokovu, na tangu mwaka jana ndimi mweka hazina wa kikundi chetu cha kufaana kanisani. Michango hukaa kwenye laini moja, na laini hiyo iko kwenye simu yangu. Leo kuna 61,400.

Nilibeti miaka minne kabla sijaokoka, na baada ya kuokoka nikaendelea kwa siri. Nimeacha miezi saba iliyopita. Lakini ikifika saa nane usiku, barabara imenyamaza na mbwa wamelala, mkono unaenda kwenye simu kabla sijautuma. Nimekariri 1 Wakorintho 10:13, nikaubandika hata nyuma ya mlango wa kibanda: "Jaribu halikuwapata ninyi, isipokuwa lililo kawaida ya wanadamu, ila Mungu ni mwaminifu." Miezi ya kwanza ulinitosha. Siku hizi nikiusema nasikia sauti yangu tu. Najiuliza, kuna anayesikia? Na nikishauliza hivyo tamaa inapata nguvu, maana kama hakuna anayesikia, nani ataona?

Naomba msinijibu "omba sana ndugu", kwa sababu naomba. Nataka kujua lipi lilitangulia. Majaribu ndiyo yameniletea shaka, ama shaka ndiyo imefungua mlango? Nikijua, nitajua pa kusimama nipigane.

#2 Shemasi_Kondele
Amina ndugu. Majaribu yalitangulia, shaka ni moshi wake tu. Soma Mathayo 4. Bwana wetu alifunga siku arobaini mchana na usiku, akaona njaa, na Ibilisi akaja saa hiyohiyo ya njaa. Hakubishana naye. Mara tatu alijibu "Imeandikwa". Nawe lisema Neno kwa kinywa, usiliseme moyoni. Waefeso 6 inatuambia ngao ya imani huzima mishale yote yenye moto ya yule mwovu, na hilo swali la "kuna anayesikia" ni mshale, si wazo lako. Naona upungufu mmoja kwako: una mstari mmoja. Kariri ishirini. Zaburi 119:11, "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi."

#3 Mkulima_Bahati
Kwanza toa hiyo pesa kwa simu yako. Mengine tutajadili baadaye.

#4 Mwalimu_Mbale
Shemasi #2, nakuheshimu, lakini umeruka jambo. Katika sura hiyohiyo Ibilisi naye alisema "imeandikwa". Alinukuu Zaburi 91, kwamba malaika watakuchukua usije ukajikwaa mguu wako katika jiwe. Kwa hiyo kujua mistari peke yake si silaha. Adui anaijua.

Tena angalia Yesu alichota wapi. Majibu yote matatu yametoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6. Hapo Musa anawakumbusha Waisraeli miaka arobaini ya jangwani: Mungu "akakuacha uone njaa, akakulisha kwa mana". Yesu akiwa na njaa yake alisimama ndani ya habari ya watu waliolala njaa kabla yake, wakanung'unika, wakalishwa. Hakuwa anarusha maneno kama mtu anayefukuza ndege shambani.

Ndiyo maana nadhani tatizo la Soja halijaanza kwa kamari wala kwa shaka. Limeanza siku alipoubandika mstari mlangoni. Mstari ukikatwa kwenye sura yake unageuka hirizi, na hirizi ikikataa kufanya kazi mwenyewe huanza kumshuku aliyempa. Soma sura yote ya 10, Soja. Kuanzia mstari wa kwanza ni habari za watu waliokula chakula kimoja cha roho, na bado wengi wao wakaangamizwa jangwani. Paulo anaandikia watu waliojidhania wamesimama, si wenye kuogopa kama wewe.

#5 Boda_Kaptembwo
Mwalimu, ubao umejaa, futa kidogo tuandike na sisi 😀

Soja, mimi ni mwenzako. Ule mchezo wa ndege inayopaa huku pesa inaongezeka ulinimalizia pikipiki ya kwanza. Niliambiwa nina roho ya kamari, nikapanda Menengai, nikaingia mapangoni siku tatu bila chakula. Pale usiku watu wanaomba kila upande, mwingine analia kwa Kikalenjin, mwingine kwa Kikikuyu, na ukitoka nje unaona mvuke unapanda kutoka chini ya kreta. Niliombewa nikaanguka. Nilishuka mwepesi kabisa. Alhamisi ya wiki hiyo nikabeti 800.

Sisemi maombi ya kufunguliwa ni bure. Rafiki yangu tuliyepanda naye hajarudia hadi leo, ni mwaka wa tatu. Kwa nini yeye na si mimi? Mtu akinieleza hilo nitamshukuru.

#6 Shemasi_Kondele
Mwalimu, ahsante kwa Zaburi 91, ni kweli nililiruka. Lakini jaribu la mwisho pale mlimani Yesu alimwambia "Nenda zako, Shetani", na akaenda. Neno lilimwondoa. Boda, Mathayo 12 inasema pepo mchafu akitoka hurudi akikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa. Ulishuka mlimani na nyumba tupu.

#7 Msomaji_Siaya
Kwa Mathayo mlima ni wa mwisho. Kwa Luka wa mwisho ni kinara cha hekalu. Halafu Luka 4:13 anamalizia kwamba Ibilisi "akamwacha akaenda zake kwa muda". KWA MUDA. Hata kwa Bwana hakuondoka moja kwa moja. Soja asijilaumu kwamba miezi saba imepita na bado anasikia mlango ukigongwa.

#8 Sista_Zamu (Kisumu)
Mimi ni muuguzi, zamu za usiku mwaka wa kumi na moja sasa. Nimesoma kote nikashangaa hakuna aliyemuuliza Soja amelala saa ngapi.

Kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku mwili wa binadamu uko chini kabisa. Joto la mwili linashuka, akili inazunguka palepale, na ule uwezo wa kujizuia unapungua. Hii tunaiona wodini kila siku: makosa ya dawa, machozi yasiyo na sababu, na wagonjwa wanaosema wanataka kwenda nyumbani sasa hivi. Mtu anayelala saa nne mchana kwenye nyumba ya mabati, watoto wanacheza nje, anaamka amechoka kuliko alivyolala. Umwongezee na kamari, ambayo imetengenezwa ili ukikosa padogo usikie kama umekaribia kupata.

Eliya alitoka kuwashinda manabii wa Baali, haukupita muda mrefu amekaa chini ya mretemu anaomba afe. Malaika hakumpa mstari. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale. Akamwamsha tena, "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, mlimani. Soja, unakula nini ukiingia kazini?

#9 Ja_Dunga
Sista, huku kwetu ziwani wazee watakwambia saa nane ni saa ya Nyawawa, pepo wa usiku, wanapita, piga sufuria uwafukuze. Labda Soja anahitaji sufuria tu.

#10 Sista_Zamu
Ja Dunga, nimelelewa na dana, yaani nyanya yangu, aliyepiga sufuria, sizicheki. Kitu kimoja nilichojifunza kwake ni kwamba akipiga yeye, jirani naye anapiga, hadi kijiji kizima. Hakuna aliyeachwa na usiku peke yake. Soja yuko peke yake.

#11 Binti_Nyando
Nimesita kuandika. Naandika kwa sababu kila mtu hapa anasema shaka ni moshi wa kitu kingine: dhambi, pepo, usingizi, kukariri vibaya.

Mwanangu wa kwanza alifariki akiwa na miaka mitatu. Alipata homa Jumanne, Ijumaa tukamzika. Sikuwa na dhambi ya siri. Nilikuwa naimba kwaya, natoa fungu la kumi, nafunga kila Jumatano. Mwezi mzima baada ya mazishi nikifungua kinywa niombe hakitoki kitu. Wamama wa kanisa walikuja kunifariji, na wa pili akaniuliza kwa upole kama kuna jambo sijatubu. Yule mama ananipenda hadi leo, lakini neno lile nililibeba miaka.

Kilichonishika ni Zaburi 88. Nilikuwa natafuta 91 ya kujikinga, kidole kikatua pale. Zaburi nyingi za kilio huishia kwa sifa. Hii haiishii. Neno lake la mwisho ni "Nao wanijuao wamo gizani", basi, imekwisha, hakuna haleluya. Nikasema, kumbe Mungu aliacha wimbo kama huu ukae kwenye kitabu chake. Sikupata jibu la kwa nini. Nilipata pa kukaa nikiwa sina jibu.

Soja, shaka si lazima iwe mtoto wa kitu. Inaweza kuwa ni huzuni isiyo na jina.

#12 Mkulima_Bahati
Pole mama. Hili nimelisoma mara mbili.

#13 Shemasi_Kondele
Pole sana dada yangu. Aliyekuuliza vile alikosea, ni kama rafiki zake Ayubu. Lakini nabaki na mzigo: Yakobo 1:6 inasema mwenye shaka ni kama wimbi la bahari lililochukuliwa na upepo. Siwezi kumwambia mtu shaka ni mahali pa kukaa. Ni mahali pa kupita.

#14 Mwalimu_Mbale
Shemasi, Yakobo pale anaongelea anayeomba hekima huku moyo wake uko pande mbili. Weka kando yake Yuda 22, "Wahurumieni wengine walio na shaka." Weka na Yohana Mbatizaji. Huyu ndiye aliyembatiza Yesu kwa mikono yake, halafu akiwa gerezani anatuma watu wakamuulize, "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yesu hakumkemea. Alituma habari za vipofu na viwete, kisha mbele ya makutano akasema katika wazao wa wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko Yohana.

Angalia pia alipokuwa. Gerezani, peke yake, usiku mwingi. Hapo nakubaliana na Sista #10.

#15 Katekista_Mumias
Tumsifu Yesu Kristo. Naleta jambo la lugha kidogo. Ninyi mkisali Baba Yetu mnasema "usitutie majaribuni". Sisi Wakatoliki tunasema "usitutie katika kishawishi". Nikiwa mdogo nilidhani ni sala mbili. Kigiriki ni neno moja, na neno hilo hubeba maana zote mbili, kupimwa na kuvutwa. Ndiyo maana Yakobo 1 mwanzoni inasema mfurahi mkiangukia katika majaribu mbalimbali, halafu chini kidogo inasema mtu asiseme anajaribiwa na Mungu, bali huvutwa na tamaa yake mwenyewe. Wakatoliki wa Ufaransa walibadilisha mstari huo wa sala mwaka 2017, maana maneno ya zamani yalisikika kana kwamba Mungu ndiye anayesukuma. Sasa wanasema "usituache tuingie".

Kwa hiyo ninyi nyote mnaweza kuwa mnasema kweli. Binti Nyando alipimwa. Boda anavutwa. Soja ana yote mawili, na dawa zake ni mbili tofauti. Kwa kishawishi sisi tunafundishwa kukimbia nafasi ya dhambi, yaani mahali na kitu kinachokupeleka. Hiyo laini ni nafasi ya dhambi.

#16 Boda_Kaptembwo
Katekista, "kishawishi" nimelipenda. "Jaribu" linanifanya nijione Ayubu, na mimi si Ayubu, mimi nilikuwa nataka pesa ya haraka.

#17 Mzee_Bunyore
Salamu watoto wangu. Mimi nilikulia kwa watu wa Uamsho. Moto ule ulianzia Gahini kule Rwanda, ukapita Uganda, ukafika huku kwetu miaka ya 1930. Baba yangu na mama yangu walikutana na Bwana katika ushirika huo. Siri yake ilikuwa moja: kutembea nuruni. Mtu alisimama kwenye ushirika akasema, ndugu, jana niliiba mahindi ya mwajiri, na kesho yake anayarudisha kweli, gunia begani. Wote wanaimba Tukutendereza Yesu. Yakobo 5:16, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi." Dhambi inaishi gizani kama kunguni. Soja, simama mbele ya kikundi chako useme.

#18 Mama_Chavakali
Mzee, shikamoo. Naomba kupinga kwa heshima. Mimi nilisimama. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikasema nililokuwa nalo mbele ya ushirika, nikalia, wakaimba, wakanikumbatia. Kufika Jumatano liko sokoni. Kufika mwisho wa mwezi liko kwa wakwe zangu. Niliacha kwenda kanisani miaka tisa. Sikumshuku Mungu hata siku moja, niliwashuku watu wake, na miaka tisa ni mingi, mwishowe huwezi kutenganisha.

Soja, sema. Lakini chagua mtu mmoja, anayejua kunyamaza.

#19 Mzee_Bunyore
Binti yangu, marahaba. Ulilotendewa ni dhambi, na ni dhambi yetu sisi tuliokuwa tukiimba. Nimekusikia.

#20 Soja_wa_Usiku
Nimesoma yote, nyingine nimesoma mara tatu. Sikusema yote pale juu.

Mwezi wa tano nilichukua 3,000 kwenye ile laini. Nilibeti nikapoteza. Nikakopa kwa simu nikarudisha kabla ya mkutano wa Jumapili, hesabu ikasomwa, wakapiga makofi, wakasema mweka hazina wetu ni mwaminifu. Hiyo miezi saba niliyoandika si kweli, ni minne. Makofi yale ndiyo yanarudi saa nane. Nikisema "Mungu ni mwaminifu" nasikia "mweka hazina wetu ni mwaminifu".

Sista, nakula chai na mkate saa moja jioni, basi. Binti Nyando, nimelia kwa yako kuliko yangu.

#21 Mkulima_Bahati
Asante kwa kusema. Sasa nirudi palepale pa #3. Yusufu kwa mke wa Potifa hakunukuu kitu mwishoni. Alimwambia siku zote kwamba hawezi kumkosea Mungu, na siku yule mama aliposhika nguo, aliacha nguo akakimbia. Yuko mbio bila nguo na ndiye tunayemhubiri. 1 Wakorintho 10:13 yenyewe inamalizia na "mlango wa kutokea". Mlango haukaririwi, unapitwa. Fungueni akaunti yenye sahihi tatu. Kikundi chetu cha maziwa tulifanya hivyo baada ya mweka hazina wetu kuingiwa na mkono, na alikuwa mtu mzuri. Bado ni rafiki yangu.

#22 Shemasi_Kondele
Ndugu Mkulima, akaunti ni hekima, sikatai. Lakini tukiishia hapo tumemfundisha kuogopa simu, si kumcha Mungu. Laini itaondoka na moyo utabaki. Soja, nimekutumia nambari yangu kwa ujumbe wa faragha. Mimi hunyamaza. Mkeo anajua?

#23 Boda_Kaptembwo
Shemasi, moyo wangu ulibaki, lakini simu niliibadilisha nikanunua ya vidude isiyoingia intaneti. Tangu hapo ni miezi kumi na moja. Mimi sijui ni imani ama ni simu. Nikimshukuru Mungu nashukuru kwa vyote viwili.

#24 Mzee_Bunyore
Nimekaa na hili tangu asubuhi. Gethsemane, Bwana aliwaambia watatu, "kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Baadaye ndipo akasema kesheni mwombe, msije mkaingia majaribuni. Aliomba kukeshewa kwanza. Nao walilala. Mimi nimehubiri ule mstari wa pili maisha yangu yote, wa kwanza sijawahi.

#25 Msomaji_Siaya
Wa kwanza ni 26:38, wa pili 26:41. Mzee uko sawa.

#26 Soja_wa_Usiku
Jana jioni nilienda kwa katibu wetu, mama mmoja mtu mzima. Nilimwambia yote, na 3,000. Alinyamaza, akanipikia uji, akachukua laini akaiweka kwenye leso yake akafunga fundo. Akasema kikundi atakiambia tunahamia benki, sababu nyingine nitasema mwenyewe nikiwa tayari. Shemasi, mke wangu atajua Jumamosi, nimepanga.

Sasa ni saa nane na dakika kumi. Laini haipo. Tamaa ipo, ndogo. Lakini lile swali la kwanza liko vilevile, halikuondoka na laini. Bado sijui kama kuna anayesikia.

#27 Binti_Nyando
Niko macho, mdogo anaota meno. Fungua Zaburi 88 usome kwa sauti, hata kama ni mbwa tu wanaosikia. Nami nasoma huku. "Ee BWANA, Mungu wa wokovu wangu, mchana na usiku nimelia mbele zako." Ukifika mstari wa 9 niandikie, tutasubiriana hapo.

#28 Soja_wa_Usiku
Nimefika 9.